Battle Chess: kete zinapigana, lakini nani anaamua?

Karakana yangu ya kompyuta iko Ngamiani, Tanga, jirani na baraza la drafti ambalo jioni halikosi watu. Nikiwasha Battle Chess, sataranji ya kompyuta ambayo kete hupigana mmoja akimla mwenzake, drafti husimama. Swali lao huwa lile lile: "Fundi, huyo anayevamiwa akijitetea vizuri si anaweza kushinda?"

Hawezi. Mchezo huu wa kampuni ya Interplay ya Marekani ulitoka 1988, ukaanzia kwenye kompyuta za Amiga, na kanuni zake ni za sataranji ya kawaida. Anayekula ndiye mshindi, hata kitunda, yule askari mdogo wa mbele, akimla malkia. Pigano limeshachorwa zamani. Programu inaangalia tu nani kala na nani kaliwa, kisha inaleta picha zake. Anayetaka kete iliyovamiwa ipate nafasi atafute mchezo mwingine wa kompyuta, Archon wa 1983. Huko mnapigana kwa vidole vyenu, na mvamizi anaweza kufa yeye.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye michoro. Kete ni za aina sita, na kila aina inaweza kula aina tano, kwa kuwa mfalme haliwi. Hapo tayari una mapigano 30, bado hujagusa kifo cha mfalme aliyebanwa.

Mimi naipenda ngome. Imetulia kama mnara, ukiiamuru isogee mawe yanajipanga upya, linasimama jitu. Linatembea kwa kishindo, linamaliza shughuli, linarudi kuwa mnara. Likimkuta malkia humla kwelikweli, kwa mdomo. Farasi naye humu hana farasi, ni shujaa wa miguu mwenye deraya na upanga. Wakikutana wawili, mmoja anakatwa kiungo kimoja baada ya kingine na bado anang'ang'ania vita. Ukatili mtupu, lakini watu hucheka mpaka machozi.

Akili ya mchezo iko pembeni kabisa na vituko hivyo. Mwanzoni mweupe ana hatua 20 za kuchagua, mweusi naye 20, kwa hiyo baada ya zamu moja moja kuna njia 400. Zamu mbili mbili, njia 197,281. Prosesa ya Amiga ilikwenda kwa megahezi 7 hivi, basi usitegemee ione mbali. Programu ya bure ya simu yako leo itaifunga bila jasho.

Na kutembea kule kunachosha. Kila kete inakwenda kwa miguu, mbele ya macho yako, kila zamu. Kijana akija kujifunza sataranji namwekea ubao bapa usio na kutembea wala kupigana, chaguo ambalo limo ndani ya mchezo wenyewe, na fikra zinabaki kwenye hatua.

Kwenye kompyuta za sasa toleo la DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, linafunguka kwa DOSBox, programu inayouiga mfumo huo. Kasi ikikusumbua, shika Ctrl na F11 kupunguza, Ctrl na F12 kuongeza.