Je, wajua kwa nini mtoto aliyekuwa akilamba mlenda huususa ghafla?

Akiwa na miezi 10 alilamba mlenda hadi kwenye kiwiko. Sasa ana miaka miwili, anauona tu na kugeukia ukutani. Jibu la haraka ni kwamba anadeka, au "hapendi mboga". Wengi wetu tumelitoa, nalo si sahihi.

Kwanza, hamu yenyewe hupungua. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hukaribia kilo 9 akitimiza mwaka, lakini mwaka wa pili huongeza kilo mbili na ushee tu.

Pili, kusema "hapendi" ni kudai ameonja. Mara nyingi hajaonja kitu. Kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka sita, watoto wengi huogopa chakula kigeni, nao hukihukumu kwa macho. Hapo Dodoma ina kichekesho chake: mlenda mbichi wa masika ni kijani, ule uliokaushwa na kutwangwa kwa ajili ya kiangazi hutoka mweusimweusi. Kwako ni mboga moja, kwake ni mbili. Ukiunga karanga, tatu. Wapo wanaoeleza kwamba woga huu humlinda mtoto anayeanza kutembea asile kila jani analookota; maelezo yanavutia, ila kuyathibitisha ni kazi.

Chukulia mtoto ni mwenye nyumba. Siku ya kwanza mgeni akipiga hodi anajibiwa mlangoni. Siku ya tatu anapewa kigoda uani. Wiki ya pili anakaribishwa mkekani. Chakula nacho huhitaji hodi 8 hadi 15, na wazazi wengi hukata tamaa kwenye ya nne. Hodi yenyewe ni kuonja: katika majaribio ya mwanasaikolojia Leann Birch wa Marekani, miaka ya 1980, watoto waliotazama tu hawakuipenda ladha zaidi. Kumlisha kwa nguvu ni kumwingiza mgeni kwa kuvunja mlango. Kumwahidi biskuti akimaliza mboga ni kumlipa mwenyeji ampokee mgeni; atajiuliza huyu ana kasoro gani. (Zawadi ndogo isiyo chakula, kama stika, imewasaidia baadhi ya watoto kuonja.) Tafiti nyingi ni za Marekani na Ulaya, kila mtoto na sahani yake. Kwenye sinia moja, akiwaona dada zake wakichovya matonge, huenda hodi zikawa chache.

Basi weka kijiko kimoja cha chai cha mboga pembeni ya ugali anaoujua, kila baada ya siku moja au mbili, ukiipika vilevile. Akilamba na kutema, imehesabika, usiseme kitu. Kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya mlo mpe maji tu, si maziwa wala juisi. Chai ya rangi iache kabisa, maana huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Wengine tatizo lao ni utelezi, si ladha: punguza magadi, ongeza nyanya. Zabibu mkatie vipande vinne kwa urefu na karanga msagie hadi apite miaka mitano, maana zikiwa nzima huweza kumkaba.

Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukilala au kushuka, au akianza kula udongo, mpeleke kituo cha afya apimwe damu. Hapo si kususa tena.