Je, wajua kwa nini walimu hawamwokoi mtu katika Weak Hero Class 2?

Weak Hero Class 2, msimu wa pili wa tamthilia ya Korea Kusini yenye ngumi nyingi kuliko vitabu, ilitoka Netflix tarehe 25 Aprili 2025. Wengi wetu tulioimaliza sehemu zake 8 kwa kukesha tulibaki na swali moja: watoto wanapigwa hadi wanatapika damu, simu zinaporwa shuleni mchana kweupe, walimu wako wapi? Na polisi je?

Kwa ambaye hajaianza (na ajue naugusa mwisho wa msimu wa kwanza): Yeon Si-eun, anayeigizwa na Park Ji-hoon, ni kijana mwembamba anayeongoza darasa na hana rafiki. Akichokozwa hategemei misuli. Anatumia kalamu, kitabu kinene, pazia la dirisha, chochote kilicho karibu. Msimu wa kwanza, uliorushwa na Wavve, huduma ya Kikorea ya kutazama video mtandaoni, mwaka 2022, unaisha rafiki yake Su-ho akiwa hospitalini hana fahamu, na Si-eun anahamia shule ya Eunjang. Huko anakuta genge la wanafunzi wa shule mbalimbali, chini ya Na Baek-jin, linalowalazimisha wanyonge kuiba.

Jibu la haraka ni kwamba hadithi hii imetoka kwenye katuni ya mtandaoni, na katuni za aina hiyo zina kanuni zake. Mwalimu mmoja shupavu akiingia, hadithi imekwisha na steringi hana kazi.

Lakini Mkorea akitazama hashangai sana kama sisi, na sababu yake iko nje ya tamthilia.

Korea Kusini ina sheria maalumu ya kuzuia ukatili shuleni tangu 2004. Mwishoni mwa 2011 mwanafunzi mmoja wa mji wa Daegu alijiua baada ya kuteswa na wenzake, nchi ikatikisika, na kuanzia 2012 adhabu za uonevu zikawa zinaandikwa kwenye rekodi ya mwanafunzi. Adhabu zenyewe zina ngazi 9, kutoka barua ya kuomba radhi hadi kufukuzwa shule. Kwenye karatasi mambo yamenyooka.

Tatizo ni kwamba katika nchi ambayo chuo unachoingia kinakufuata maisha yote, doa kwenye rekodi ni jambo la kufa na kupona. Wazazi wenye uwezo huajiri mawakili, wakapinga adhabu mahakamani, na kesi ikisuasua aliyeonewa huendelea kukutana na mbabe wake kila asubuhi. Februari 2023 mwendesha mashtaka wa zamani aliteuliwa kuongoza ofisi ya taifa ya upelelezi ya polisi, na uteuzi ukafutwa siku iliyofuata. Ilikuwa imefichuka kwamba mwanawe aliamriwa kuhama shule kwa kumwonea mwenzake, familia ikapambana hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa, na kijana akaingia Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Seoul hata hivyo.

Sasa mkumbuke Beom-seok wa msimu wa kwanza, mtoto wa kulea wa mbunge. Nyumbani anapigwa na baba, shuleni anawatuma watu wapige. Ungekuwa Si-eun, ungempelekea nani mashtaka?

Hapo ndipo naona msimu wa kwanza unaupita wa pili. Ule ulikuwa na wavulana watatu, Si-eun, Su-ho na Beom-seok, na urafiki ulioharibika polepole kwa wivu. Kila kofi lilikuwa na sababu. Huu wa pili umekuwa vita vya majeshi, na Baek-jin anaendesha genge lake kama kampuni yenye wakubwa wa nje. Inanoga kutazama, sikatai, hasa Baku, mpiganaji hodari wa Eunjang, anapoingia ulingoni, ila ukatili wa shule halisi mara nyingi hauna makundi ya watu mia uwanjani. Una mtu mmoja anayejua kwamba hutasema.

Baada ya kashfa ile ya 2023 serikali ilitangaza kwamba rekodi za makosa mazito zitatunzwa miaka 4 baada ya kuhitimu badala ya 2, na kwamba vyuo vitalazimika kuzihesabu katika kudahili wanafunzi wa mwaka 2026, hata wanaoingia kwa alama za mtihani wa taifa pekee. Maana yake Na Baek-jin, ambaye kichwani yuko vizuri kama Si-eun, angekuwa na cha kupoteza. Mradi tu apatikane mtu wa kwenda kumshtaki.