Shimo jeusi halitatumeza, na Webb haijafuta Mlipuko Mkuu

Dhana: Katikati ya galaksi yetu kuna shimo jeusi, kitu ambacho hata mwanga hauwezi kukitoroka, linalovuta kila kitu, na siku moja litatumeza.

Ukweli: Shimo lipo, na mahali lilipo unaweza kupaonesha kwa kidole. Mwezi Julai, kwenye saa tano usiku, wakati wavuvi wa dagaa wameshaingia ziwani na taa zao, simama penye giza kule Igombe au Ukerewe utazame juu, kidogo upande wa kusini. Utaona kundinyota la Nge na mkia wake uliojikunja, na jirani ya mkia huo Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota, inanenepa kuliko kwingine kote. Kitovu cha galaksi kiko hapo, umbali wa takriban miaka nuru 26,000 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), pamoja na shimo liitwalo Sagittarius A*, lenye uzito wa jua milioni nne hivi. Sisi wa karibu na Ikweta tumejaliwa: linapita juu sana angani kwetu, wakati kaskazini kabisa mwa Ulaya halichomozi hata kidogo.

Ila mvutano wake hauna uchawi. Ukiwa mbali nalo, shimo jeusi huvuta sawasawa na kitu kingine chochote chenye uzito huohuo. Kama Jua lingegeuka leo kuwa shimo jeusi bila kuongezeka uzito, Dunia ingeganda kwa baridi, lakini ingeendelea kulizunguka kwenye njia yake ileile. Ushahidi ni nyota S2, inayoizunguka Sagittarius A* kila baada ya miaka 16 hivi. Mei 2018 ilipita karibu kabisa, kwa kasi inayozidi kilomita 7,000 kwa sekunde, kisha ikaenda zake. Na ile picha maarufu ya Mei 2022, yenye duara la rangi ya chungwa, inaonesha gesi yenye joto kali inayong'aa kulizunguka shimo. Shimo lenyewe limo ndani ya lile giza la katikati.

Dhana: Darubini ya James Webb imethibitisha kwamba Mlipuko Mkuu, yaani ule mwanzo wa ulimwengu wenye joto na msongamano mkali uliofuatwa na kutanuka, haukutokea.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ikiwa na picha za kweli na maelezo ya uongo. Webb, iliyorushwa 25 Desemba 2021, imekuta galaksi zilizong'aa mapema kuliko wengi walivyotarajia. Mojawapo, JADES-GS-z14-0, tunaiona ilivyokuwa miaka kama milioni 290 baada ya mwanzo wa ulimwengu, ambao umri wake ni miaka bilioni 13.8. Wanaastronomia wanabishania jinsi galaksi hizo zilivyopata nyota nyingi haraka kiasi hicho. Kutanuka kwa ulimwengu hakumo kwenye ubishi huo. Mnururisho uliobaki tangu enzi za mwanzo, ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa Marekani mwaka 1964, bado unatufikia kutoka kila upande wa anga.

Ubishi mkubwa zaidi uko kwingine, na ni mtamu kuliko huo wa kutunga. Wanaopima kasi ya kutanuka kwa kutumia mnururisho huo wanapata kama 67, yaani kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki ya umbali (miaka nuru milioni 3.26 hivi). Wanaotumia nyota zinazobadilika mwangaza na zile zinazolipuka wanapata kama 73. Wamekagua na kurudia, pengo halijazibika. Mizani mbili za soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, zikitofautiana juu ya gunia la dagaa, hakuna anayehitimisha kwamba gunia halina kitu. Machi 2025 likaongezeka jingine: mradi wa DESI huko Arizona, baada ya kupima karibu galaksi na kwasa (vitovu vya galaksi vinavyong'aa mno) milioni 15, ulitoa dalili kwamba nishati ya giza, ile inayodhaniwa kuharakisha kutanuka kwa ulimwengu, huenda inadhoofika. Ni dalili tu kwa sasa. Haijafikia kiwango ambacho wanafizikia hukidai kabla ya kutangaza ugunduzi.

Dhana: Mlipuko Mkuu ulitokea mahali fulani, na hapo ndipo katikati ya ulimwengu.

Hakuna katikati. Nafasi yenyewe ilitanuka, kila mahali kwa pamoja. Ukisimama kwenye galaksi yoyote, utaona zile za mbali zote zinakukimbia.

Dhana: Utafiti huu ni wa Wazungu, huku kwetu haujawahi kufika.

Ulifika zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani pekee ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake siku hiyo. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na Ikweta hupata msukumo wa ziada kutokana na mzunguko wa Dunia, na hilo ni jambo ambalo ukanda wetu unalo bure. Vipimo vya Uhuru vilisaidia kuitambua Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi. Mwezi Septemba, saa tatu usiku, liko upande wa kaskazini ukitazama kutoka Mwanza, katika kundinyota la Dajaja, ingawa kwa macho matupu hulioni. Lilikadiriwa kuwa na uzito wa jua 15. Mwaka 2021 likapimwa upya, likakutwa na 21.