Faili la majengo ya shule: kazi ya Julai kwa fedha za mwakani

Mwalimu mkuu anayenipigia mwezi Machi kuuliza atapata wapi fedha za paa linalovuja, jibu langu humkatisha tamaa: fedha za Machi hii zilishagawanywa. Bajeti inayotumika ilianza tarehe 1 Julai mwaka uliopita, na mezani kwetu halmashauri tulishaifunga miezi kadhaa kabla ya hapo. Akianza kuandaa maombi leo, anaomba fedha zitakazoanza kutoka Julai ijayo, tena kama dirisha la kuingiza vipaumbele halijapita.

Nimefanya kazi ya uhandisi wa majengo serikalini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa shule za msingi. Jambo ninalotaka walimu wakuu na kamati za shule walishike ni kwamba fedha zinapopatikana, mara nyingi huja kwa haraka na masharti ya muda mfupi, na huelekea kwa shule ambayo karatasi zake ziko tayari. Shule yenye shida kubwa zaidi inaweza kupitwa na jirani yake kwa sababu shida yake haijapimwa wala kuandikwa popote.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2021. Tanzania ilipata mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, na ndani yake yakatoka madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi (matawi ya shule yaliyo mbali na shule mama), kila chumba kwa shilingi milioni 20. Yalitakiwa yawe tayari kupokea wanafunzi Januari 2022. Pale ambapo eneo la kujenga lilijulikana na mipaka haikuwa na mgogoro, msingi ulichimbwa wiki ileile. Penginepo watu walianza kubishana mahali pa kuweka jengo huku siku zikihesabika.

Sasa tuzungumzie ukarabati, maana huko ndiko tunakopoteza zaidi. Darasa jipya lina watetezi wengi. Wananchi huchanga, huinua boma hadi kwenye renta (mkanda wa zege juu ya madirisha), diwani hulisemea, mbunge hulitembelea. Paa la mwaka 1978 linaloliwa na mchwa halina mtetezi hata mmoja mpaka siku litakapoanguka. Kwa hiyo ukarabati ukipelekwa kwenye kikao kama maneno matupu, “majengo ni chakavu”, utashindwa kila mwaka. Ukipelekwa na vipimo, picha na gharama, una nafasi.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji kumsubiri mhandisi. Mwalimu wa taaluma, fundi wa kijijini na mjumbe mmoja wa kamati wanaweza kuufanya kwa siku moja, mwezi Julai. Anzeni juu mshuke chini. Kwenye bati, tazameni kutu kuzunguka misumari na mahali mabati yanapopandiana. Ingieni darini kama kuna dari, mchome kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi, hasa pale mbao zinapokaa juu ya ukuta. Mbao nzima hukataa, iliyoliwa hupokea bisibisi bila ubishi. Papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, zikipinda huonekana hata ukiwa nje, kwa kuangalia kama mstari wa paa umenyooka.

Kisha kuta. Ufa si lazima uwe hatari. Hatari ni ufa unaokua. Wekeni alama ya penseli kila ulipoishia, andikeni tarehe pembeni, pigeni picha. Baada ya mvua rudini. Ukiwa umevuka alama, mna ushahidi ambao hakuna ofisa atakayeupuuza, na mna sababu ya kumwita mhandisi wa halmashauri kwa barua, si kwa simu. Ufa unaopanda kwa ngazi kutoka pembe ya dirisha, au unaoanzia chini kabisa, unatakiwa kuangaliwa mapema zaidi.

Chini ya ukuta ndipo penye chanzo cha mengi. Paa lisilo na gata humwaga maji yote kwenye mstari mmoja pembeni mwa jengo. Masika baada ya masika, udongo unaondoka, msingi unabaki wazi, jamvi (zege la sakafu) linapasuka, ukuta unashuka. Ningepewa fedha kidogo na kuambiwa nifanye jambo moja tu kwa shule nzima, ningefunga gata, ningeweka tenki, na ningejaza udongo na mawe pale palipoliwa. Naliona hili kuwa la kwanza mbele ya rangi, mbele ya sakafu na hata mbele ya milango. Wapo wenzangu wanaoanza na rangi kwa sababu inaonekana, sikubaliani nao.

Mkimaliza majengo, hesabuni watu. Kiwango chetu ni wanafunzi 45 kwa chumba kwa shule ya msingi na 40 kwa sekondari. Kwa vyoo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Tuseme shule ina wanafunzi 540, nusu kwa nusu. Inahitaji vyumba 12, matundu 14 ya wasichana na 11 ya wavulana. Ikiwa ina vyumba 7, pengo ni 5. Namba hizo ziandikwe kwa mkono ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu, na zifanane na zile mlizoingiza kwenye takwimu za shule za kila mwaka. Nimeona maombi mazuri yakirudishwa kwa sababu barua inasema vyumba 6 na mfumo unasema 8.

Baada ya hapo gawanyeni kazi kwa uzito: zinazotishia maisha, zinazoweza kuharibika zaidi mwaka huu, na zinazoweza kusubiri. Mgawanyo huu ndio unaowaambia mwende kubisha hodi wapi. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi, tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 huingia akaunti ya shule. Kwa wanafunzi 540 hiyo ni shilingi 3,240,000, na humo humo kuna mitihani, utawala na vifaa. Itafunga misumari, itabadilisha bati mbili tatu, haitaezeka jengo. Kuezeka upya ni kazi ya mapato ya ndani ya halmashauri au Mfuko wa Jimbo, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Vyumba vipya vingi kwa mkupuo vimekuwa vikija kupitia miradi ya serikali ya kuboresha elimu, BOOST kwa msingi na SEQUIP kwa sekondari, na miradi ya namna hiyo ina tarehe ya kufungwa. Mamlaka ya Elimu Tanzania nayo husimamia Mfuko wa Elimu wa Taifa. Na kama shule iko jirani na mgodi, kumbukeni kwamba marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni kuandaa mpango wa kuhudumia jamii kwa kukubaliana na halmashauri. Mpango huo nao huandaliwa kila mwaka. Andiko lenu lifike kabla haujaandikwa.

Ratiba ya bajeti ndiyo inayowaponyoka wengi. Mkutano wa kijiji uibue hitaji hili na muhtasari usainiwe kati ya Agosti na Oktoba, ili Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, ilipitishe likiwa na gharama. Mwishoni mwa mwaka halmashauri zinapopokea mwongozo na ukomo wa bajeti, wataalamu hukaa kupunguza orodha. Hapo hakuna muda wa kwenda kupima paa lako. Kilicho na makadirio ya gharama kinaingizwa PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, kisicho nayo kinaachwa. Kuanzia Aprili mambo yako bungeni.

Mwombeni mhandisi awaandalie makadirio mwezi Agosti au Septemba, akiwa hajazidiwa. Mwonyesheni bei za maduka ya hapo kwenu na gharama ya tripu ya mchanga na kokoto hadi shuleni. Bei ya mjini imeua miradi mingi ya vijijini: fedha zinaishia kwenye renta kwa sababu hakuna aliyehesabu kilomita za barabara mbovu.

Mvua nazo zina kauli yake. Mikoa ya kati, kusini na magharibi hupata msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Pwani na kaskazini mashariki wana vuli na masika. Kote huko, muda mzuri wa kufumua paa ni Juni hadi Septemba au Oktoba, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai. Shule iliyojipanga inaweza kupokea fedha Agosti na kufunika jengo kabla ya mvua. Isiyojipanga hutumia Agosti na Septemba kuunda kamati, ikafumua paa Novemba, watoto wakasomea chini ya mwembe unaonyeshewa. Hilo linaniuma kila ninapoliona, maana linazuilika kabisa.

Kamati za fosi akaunti (utaratibu wa shule kujenga kwa kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi), yaani ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, pendekezeni wajumbe wake mapema na muwaeleze kazi yao. Manunuzi ya umma sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, kwa hiyo mwenye duka la vifaa na fundi mnayemwamini wahimizwe kujisajili kabla ya siku ya uhitaji. Mipaka ya eneo ipimwe na hati ifuatiliwe. Ni kazi ya muda mrefu, na wafadhili wengi huanza kwa kuuliza ardhi ni ya nani.

Haya yote ndiyo faili la majengo. Nakala zake ziwe tatu: moja shuleni, moja kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa Afisa Elimu Kata. Mwalimu mkuu anapohamishwa, faili la majengo liorodheshwe kwenye hati ya makabidhiano sambamba na vitabu na madawati, na mwenyekiti wa kamati asaini kwamba ameliona. Anayepokea shule afungue kwanza ukurasa wa nyufa, atembee nao jengo kwa jengo, aandike tarehe yake mpya pembeni mwa kila alama.