Tenzi au mapambio? Kabla ya kubishana, angalieni ufunguo

Ubishi wa tenzi (nyimbo za vitabuni) na mapambio (nyimbo fupi za kusifu) katika makanisa ya Methodisti huku Moshi huanzia kwenye vyombo. Wazee wanataka kinanda na kwaya ya sauti nne. Vijana wanataka dramu na gitaa la besi. Mimi hupanga muziki wa ibada, na kipimo changu ni kimoja tu: walioketi kwenye mabenchi wanaimba au wanatazama? Kwaya inaweza kuwanyamazisha watu sawasawa na bendi.

Hata huo "mtindo wa zamani" uliwahi kuwa mpya. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alipochapisha mkusanyo wake wa kwanza wa nyimbo huko Charleston, Amerika, mwaka 1737, makanisa mengi ya Kianglikana Uingereza yalizoea zaburi zilizotiwa vina. Mwaka 1761 akatoa maelekezo ya uimbaji: waimbe wote, kwa nguvu lakini bila kupayuka, na wasiburute. Hilo la kuburuta ningelibandika ukutani.

Sasa ufunguo, yaani noti ya msingi inayoamua wimbo uimbwe juu au chini kiasi gani. Muumini wa kawaida huimba kwa raha kuanzia A iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda hadi D ya oktavo inayofuata. Kiongozi wa sifa huchagua ufunguo unaong'arisha sauti yake. Kwenye kiitikio kina mama wanakutana na F, wanafunga midomo. Kabla ya mazoezi tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo. Ikipita D, shusha, iwe tenzi au pambio. Ila angalieni kitufe cha kinanda cha kuhamisha ufunguo: mpigaji akikishusha kwa wimbo mmoja akasahau kukirudisha, wimbo unaofuata kinanda na gitaa vinapishana, na lawama zote anabeba mpiga gitaa.

Kwa nini pambio hushika haraka? Si dramu. Tenzi nyingi zilitafsiriwa juu ya tuni za Kizungu ambazo mstari huishia kwenye pigo zito. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "Bwana" inaangukia "-na" kwa kishindo. Pambio lililotungwa kwa Kiswahili halina shida hiyo. Dawa ni kuifundisha kwaya ilegeze silabi ya mwisho. Dawa nyingine ni kubadili tuni: hesabu mizani, yaani silabi, za kila mstari, na ikiwa ni 8.6.8.6 (nane, sita, nane, sita), maneno yale yanaweza kuvaa tuni yoyote ya mizani hiyo. Imba kwanza beti zote chumbani, maana mkazo unaweza kukataa hata mizani ikikubali.

Bendi ikipiga tenzi, mpiga dramu aache nafasi ya pumzi mwisho wa kila mstari. Asipoacha, ubeti wa tatu wazee wameshatoka. Mapigo 80 hadi 100 kwa dakika yanatosha tenzi nyingi.

Jambo la kwetu: wengi wanaoabudu nasi wamelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri, na wanazijua tenzi kwa kitabu chao cha Mwimbieni Bwana, wengine wamekulia kitabu cha Tenzi za Rohoni. Namba hazifanani, na hata maneno hupishana. Taja kitabu, si namba peke yake, au weka maneno ukutani.

Kipindi cha kusifu nakipa dakika 15: mapambio mawili ya kasi, moja la wastani, moja la taratibu lenye ufunguo uleule wa tenzi ya toba. Kikizidi hapo, toba ndiyo hukatwa, nami sikubali.

Halafu masika. Mvua ikipiga bati, fundi mitambo anapandisha sauti, maiki zinapiga mluzi. Zima maiki za kwaya, simamisha dramu, waimbishe watu tenzi wanayoijua kwa moyo hadi mvua ipungue, kisha mhubiri apande.