Mwaloni wa pipa sio Mwaloni wa Kirumba: tusahihishane kidogo kuhusu mapipa na viko

Nianze na kilichonikuta. Mwaka jana kuna jamaa alikuwa anahama nyumba kule Capri Point hapa Mwanza anauza vitu vyote, mi nikaenda kufuata randa na keekee zake tu, nikarudi na pipa la mbao, lile lenyewe kabisa la wiski, pamoja na kiboksi chenye viko vinne, vile vya kuvutia tumbaku. Nimelipakia kwenye guta mpaka Mabatini kwenye karakana yangu, halijashuka hata chini mtu anauliza hiyo mbao gani, nikamwambia mwaloni. Akacheka, "kumbe pale Kirumba saivi wanauza na mbao?"

Tangu siku hiyo nasikia mambo kuhusu hilo pipa na hivyo viko mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwaiyo naandika hapa yote kwa pamoja.

Wanasema: mwaloni ni mbao ya huku ziwani

Hapana. Mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga kushusha samaki, na soko la samaki la Kirumba likaitwa Mwaloni kwa maana hiyo hiyo, yaani hapo mwaloni, ni mahali. Mwaloni mti ni kitu kingine, ni mti wa nchi za baridi, kama unasoma Biblia ndio ile mialoni ya Mamre alikokaa Abrahamu. Kwa mapipa unatumika hasa mwaloni mweupe wa Marekani (Quercus alba) na aina mbili za Ulaya, Quercus robur na Quercus petraea. Wafaransa wana msitu mmoja maarufu unaitwa Tronçais ambao ulianza kutunzwa kwa mpango maalumu tangu 1670, enzi za waziri Colbert, na kilichokuwa kichwani mwake ilikuwa mbao za meli za kivita, sio mvinyo. Miti inachelewa kukua, meli zikaja kuwa za chuma, waliofaidi ni watu wa mapipa.

Wanasema: pipa limeshikwa na gundi, gundi ikifa pipa limekufa

Hapa ndo penyewe, na hapa nimejifunza kwa aibu. Nililiacha lile pipa chini ya mabati kama miezi miwili hivi, kiangazi, jua la Mwanza unalijua, mabati yanawaka. Asubuhi moja nafungua nakuta pete za chuma zimeteleza chini, vibao vimelala kama kuni. Fundi mwenzangu akaniambia kaka hapo gundi imekufa, nunua gundi ya mbao tuliunge upya, mwingine akasema tupigilie misumari.

Ukweli ni kwamba pipa halina gundi kwenye vibao vyake wala msumari. Hakuna. Kila kibao kinachongwa kikiwa kipana katikati na chembamba kwenye ncha, alafu pembeni kinarandwa kwa mshazari kidogo ili vikikaa duara vigusane ubavu kwa ubavu kama vipande vya chungwa. Vinasimamishwa ndani ya pete moja vikiwa vimetawanyika chini kama sketi, moto unawashwa katikati, mbao inaloweshwa, inalainika, vinavutwa pamoja taratibu mpaka pipa linapata tumbo, ndipo zinagongwa pete za upande wa pili. Zile pete zina ripiti zake lakini hizo zinashika pete yenyewe, haziingii kwenye mbao. Kifuniko cha juu na cha chini vinakaa kwenye mfereji uliochongwa kwa ndani, na hapo mafundi wa kizamani wanapaka uji mzito wa unga wa ngano na kubana kwa majani makavu ya matete. Ndio, matete, ndugu wa haya yaliyojaa ufukweni hapa.

Kinachozuia kuvuja ni mbao kuvimba. Mbao ikinywa maji inataka kutanuka, pete inaikatalia, kwaiyo vibao vinajibana vyenyewe kwa vyenyewe.

Nilivyompigia mjomba wangu Ukerewe, ambaye kaunda mitumbwi miaka mingi, wala hakushangaa. Akaniuliza we mtumbwi ukikaa nchi kavu miezi miwili siku ya kuushusha unakuwaje? Unavuja kama tenga. Alafu? Alafu unauacha ndani ya maji unafunga. Sasa unaniuliza nini. Akakata simu.

Tofauti ipo ila ni ndogo. Mtumbwi tunaukalafati, yaani tunaziba nyufa zake, kwa pamba na mafuta kwa sababu mbao zake zimepigiliwa kwenye mataruma, zile mbavu za ndani, hakuna kitu kinachozikaba kwa nje kuzunguka mwili mzima, zikikauka zinaacha nyufa na zikivimba haziwezi kuziba zote peke yake. Pipa lina mkanda. Basi nikapanga vibao vyangu upya (nilikuwa sijavipa namba, nikapoteza nusu siku nzima kutafuta kipi kinafuata kipi, we ukipata pipa la hivo ziandike namba kwa chaki kabla halijaanguka), nikagonga pete, nikajaza maji. Siku ya kwanza lilivuja kila mahali mpaka jirani akalalamika njia imelowa. Siku ya pili linatoa jasho tu. Siku ya tatu kavu. Bila gundi.

Wanasema: mbao yoyote ngumu inatoa pipa, tungetumia mninga au mvule

Ugumu sio hoja. Mpingo ni mgumu kuliko mwaloni mbali sana, lakini jaribu kuukunja uone utakavyokujibu. Hoja ni vile vijitundu vya ndani ya mti ambavyo maji hupita. Kwenye mwaloni mweupe, mti ukizeeka, vile vijitundu vinajiziba vyenyewe kwa vitu kama mapovu magumu, wataalamu wanaviita tailosi, ndo maana maji hayapenyi. Mwaloni mwekundu wa Marekani, ndugu yake kabisa, hauna kinga hiyo, unaweza kuchukua kipande chake ukapuliza upande mmoja hewa ikatokea wa pili. Pipa la mbao hiyo ni chekeche.

Mialoni ya Ulaya ina tailosi chache kuliko mweupe wa Marekani, kwaiyo Wafaransa hawapasui gogo kwa msumeno hovyo, wanalipasua kwa kabari kufuata nyuzi zake, ili nyuzi zisikatwe zikaacha mlango wazi. Inapotea mbao nyingi sana kwa njia hiyo, na ndo sababu mojawapo pipa la Mfaransa lina bei kubwa. Mmarekani anapasua kwa msumeno, mti wake unamruhusu.

Miti mingine inatumika, nisiseme uongo. Kule Modena, Italia, ile siki yao ya asili inahamishwa kutoka pipa hadi pipa la miti tofauti, hata mforosadi umo. Kwaiyo anayesema mwaloni pekee naye amekosea.

Wanasema: mbao inakaushwa kwenye tanuri wiki mbili inatosha

Kwa kitanda cha mteja mwenye haraka sawa, na wateja wa hapa wote wana haraka, mtu analeta mbao inatoa maji kama muwa anataka kabati Ijumaa. Vibao vya mapipa ya mvinyo mzuri vinapangwa nje, juani na mvuani, miezi 24 hadi 36. Mvua inaosha ule ukali, ile tanini, na ukungu mdogo mdogo unafanya kazi yake kwenye mbao. Tanuri linakausha tu, haliondoi ukali wote huo.

Wanasema: ndani linachomwa kuua wadudu

Linachomwa kwa ajili ya ladha na rangi. Moto unavunja vunja mbao ndani na kutoa kile kinachonukia kama vanila na sukari iliyoungua. Ya mvinyo yanabanikwa tu, ya wiski ya Marekani inayoitwa bourbon yanaunguzwa mpaka mkaa, na mkaa mzito kabisa wanaouita namba nne unachukua kama sekunde 55 tu za moto. Sekunde, sio dakika, mi mwenyewe niliposikia mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya.

Na wale wa "pipa kuukuu ndo tamu zaidi", sio hivo. Pipa ni kama majani ya chai, kila ukichemsha tena linakuwa jepesi. Bourbon kisheria lazima iingie kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa, kikitumika mara moja wanakiuza, na wengi wanaonunua ni Waskoti, ambao wao wiski yao lazima ikae kwenye mwaloni miaka 3 au zaidi, pipa lisizidi lita 700. Na humo ndani inapungua yenyewe, karibu asilimia 2 kwa mwaka inaondoka hewani kupitia mbao hiyo hiyo isiyovuja. Langu mimi nadhani lilishapita mikono mingi, linanukia kidogo tu ukiingiza kichwa. Saivi nakingia maji ya mvua.

Sasa viko

Bibi yangu alikuwa na kiko cha udongo, bori (pale tumbaku inapowekwa) dogo jeusi, na wazee wa pwani wao walikuwa na kile cha maji chenye kifuu cha nazi, bori na mirija yake. Kwaiyo dhana kwamba kiko ni kitu cha mzungu tuiache hapo hapo.

Dhana iliyonitia hasara ni kwamba kiko unachonga kwa mti wowote. Nilichonga cha mpera, kizuri kweli, msasa mpaka kinang'aa, nikampa mzee mmoja jirani. Baada ya wiki bori limetoboka ubavuni na mzee kaungua kidole. Hakunisemesha siku kadhaa.

Viko vinavyotafutwa vinachongwa kwa braya, na braya sio mzizi wa waridi kama wengi wanavyodai, hilo ni jina la Kifaransa la kichaka lililopotoshwa likiingia kwenye Kiingereza. Mmea wenyewe ni Erica arborea, na kinachotumika sio shina wala mzizi, ni lile nundu lililopo kati ya shina na mizizi, linalouwezesha mmea kuchipua tena ukiungua. Kitu kilichoumbwa kuvumilia moto wa porini, ndo maana kinavumilia moto wa tumbaku. Linachimbwa Italia, Ugiriki, Corsica na kwingine kuzunguka Mediterania, kwenye vichaka vyenye umri wa miongo kadhaa, linakatwa vipande, vinachemshwa kwenye maji saa nyingi kutoa utomvu, alafu vinakaushwa miezi na hata miaka. Mji wa Saint-Claude Ufaransa ndo ulipata jina kwa kazi hiyo tangu katikati ya miaka ya 1800.

Na mmea huo huo upo Tanzania, kwenye milima kama Kilimanjaro. Kabla hujaenda na panga, hiyo ni hifadhi ya taifa, kaa chini.

Kingine: wanasema vile viko vyeupe vinatokana na povu la bahari. Jina tu, mirishamu kwa Kijerumani maana yake povu la bahari. Kitu chenyewe ni madini, jiwe jepesi, likilowa unalichonga kwa kisu, na la sifa zaidi linachimbwa Eskişehir, Uturuki. Lakini hata sisi tulikuwa nalo, bonde la Amboseli upande wetu wa Sinya, na Arusha wakawa wanatengeneza viko vya jiwe hilo, vingine vimevishwa ngozi kwa nje, kwa jina la biashara "Kiko". Yaani waliita kiko Kiko, hawakujisumbua.

Kukwangua masizi yote ndani mpaka mbao ionekane, usifanye. Utando mwembamba kama milimita moja unalinda mbao. Ukiacha unenepe sana nao unatanuka kwa joto na kupasua bori, kwaiyo unapunguza, huondoi.

Na uzee peke yake hauleti bei. Wakusanyaji wanaangalia nani kachonga, nyuzi za mbao zimekaaje, kama zimesimama wima kuzunguka bori lote, na mdomo haujatafunwa na meno. Kiko cha juzi cha fundi mkubwa kinaweza kupita cha miaka 80 kilichotoka kiwandani kwa maelfu.

La mwisho ni la afya. "Kiko hakidhuru kwa sababu moshi haumezwi." Moshi wa kiko nikotini yake inapita hata kwenye ngozi ya mdomo bila kumeza chochote, na saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu inawapata wavuta kiko pia. Mi navipanga kwenye rafu, sivuti.

Vile vinne vyangu, vitatu ni braya vya kawaida, kimoja kina ufa. Cha nne kimevishwa ngozi ya kahawia, ndani jiwe, na ukikifuta vizuri pale chini unasoma KIKO na neno Tanganyika, kwaiyo uwezekano mkubwa ni kabla ya Muungano wa 1964. Jumamosi kuna mtu alinipa elfu ishirini kwa vyote vinne kwa sababu eti ni vya zamani vimechakaa. Nimempa kile chenye ufa bure.