Kusaidia baada ya kustaafu si lazima kuanze na mafao

Wengi huamini kwamba mstaafu akitaka kusaidia makao ya watoto, sharti amege mafao yake. Imani hiyo inaeleweka, kwani misaada inayoonekana ni magunia ya mchele na katoni za sabuni.

Vitu hivyo hufurika Ramadhani na Krismasi, kisha stoo hubaki tupu. Maharage yakikaa mno hubunguliwa. Ujuzi nao ni msaada: mhasibu wa kufunga hesabu kila mwisho wa mwezi, mwalimu wa hisabati Jumamosi kwa saa mbili, fundi wa kubadili koki inayovuja. Ahadi ya siku nne kwa wiki huvunjika upesi. Anza na moja. Na foleni za Dar mnazijua: anayeishi Mbagala asijitolee Bunju.

Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, makao huhitaji leseni. Omba kuiona, kisha muulize afisa ustawi wa jamii wa manispaa husika, iwe Temeke au Ubungo. Ukituma fedha kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa la mtu binafsi badala ya makao, usithibitishe muamala, uliza kwanza.